Je, Wajua? Kiambishi cha Waslavi Kilichopanda Hadi Angani

Je, wajua kwamba Wasovieti waliporusha tufe la alumini angani tarehe 4 Oktoba 1957, walirusha pamoja nalo kiambishi tamati chenye umri wa zaidi ya miaka 1,000? Sputnik 1 ilikuwa na kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6. Jina lake lina vipande vitatu: s- "pamoja", put "njia", na -nik. Viunganishe, unapata mwandani wa safari. Kwa Warusi huyo alikuwa mtu wa kawaida wa barabarani muda mrefu kabla ya roketi. Serbia hadi leo abiria wa basi ni putnik, bila ile s- ya mbele.

Hicho -nik ndicho tutakachokiandama leo.

Je, wajua kwamba hakikuzaliwa kikiwa kimoja? Ni viambishi viwili vilivyogandana. Cha kwanza, -ьn-, kiliunda vivumishi. Cha pili, -ikъ, kiligeuza kivumishi kuwa mtu. (Alama ь na ъ zisikutishe. Zilikuwa irabu fupi mno, ya kwanza ikikaribia i, ya pili ikikaribia u.) Chukua *grěxъ, dhambi. Tia -ьn-, unapata *grěšьnъ, "-enye dhambi". Tia -ikъ, anatokea *grěšьnikъ, mkosefu mwenyewe. Baadaye wasemaji wakachoka kupitia kituo cha katikati, wakaanza kubandika -ьnikъ nzima juu ya nomino moja kwa moja. Hapo ndipo viambishi viwili vilipokuwa kimoja.

Kile kinyota mbele ya neno kina kazi. Kinasema: umbo hili halikuandikwa popote, limefikiwa kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na lugha mame. Kislavi-mame hakikuwa na maandishi, sawa na Kibantu-mame, kwa hiyo wanaisimu wa pande zote mbili hutembea na vinyota vyao mfukoni. Aliyekizoesha ni Mjerumani August Schleicher, ambaye mwaka 1868 alikwenda mbali zaidi: alitunga hadithi fupi ya kondoo na farasi kwa lugha ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuisikia. Waliomfuata wameisahihisha mara nyingi, kila mmoja akiamini kondoo wake ndiye anayesema vizuri.

Je, wajua majirani wa Waslavi wana ndugu wa kiambishi hiki? Kilatvia kina saimnieks, mwenye mji, kutoka saime, watu wa nyumbani. Kilithuania kina darbininkas, mfanyakazi, kutoka darbas, kazi. Faida ya majirani hawa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika Kislavi, ei ya kale na i ndefu ya kale ziliungana zikawa i moja, kwa hiyo -ikъ peke yake haiwezi kukwambia ilitoka wapi. Kilatvia hakikuziunganisha, na ie yake huelekeza kwenye ei. Ukitaka kujua siri za nyumba hii, muulize jirani.

Je, wajua kwamba irabu inaweza kufa na bado ikaacha ushahidi? Mcheki Antonín Havlík alieleza mwaka 1889 kanuni ya vifo vya ь na ъ: hesabu kutoka mwisho wa neno, ya kwanza hufa, ya pili huishi, na ukikutana na irabu kamili unaanza kuhesabu upya. Jaribu kwa -ьnikъ. Ile ъ ya mwisho inakufa. Unafika kwenye i, unaanza upya, na ь inayofuata ni ya kwanza tena, nayo inakufa. Silabi tatu zimekuwa moja: -nik.

Lakini kabla ya kufa, ь ilikuwa imekwisha kuvuta konsonanti iliyoitangulia kuelekea kaakaa. Ndiyo maana kniga, kitabu, humpa Mrusi knizhnik, mtu wa vitabu, na si "knignik". Ruka, mkono, hutoa ruchnik, taulo ya mkono. Hakuna irabu yoyote hapo leo inayoweza kueleza kwa nini k imekuwa ch. Aliyefanya hivyo alikwisha kuondoka zamani.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa sana. Pika hutoa mpishi, fuata hutoa mfuasi, linda hutoa mlinzi, iba hutoa mwizi. Irabu -i ya mwisho ya kuunda mtendaji iliivuruga konsonanti ya mzizi kwa namna ileile, tofauti ni kwamba yetu bado ipo na inaonekana. Na sisi hatukutegemea mwisho peke yake: tuliweka m- mbele. Mslavi aliweka mzigo wote nyuma, na huko nyuma ndiko kunakobadilika pia kwa umoja, wingi na kazi ya neno katika sentensi.

Basi twende huko nyuma.

Je, wajua neno moja la -ikъ lilikuwa na nafasi 21 za kujaza? Kulikuwa na hali saba: ya mtenda, ya mmiliki, ya mpokeaji, ya mtendwa, ya ala au uandamani, ya mahali, na ya kuita. Zidisha mara tatu, kwa sababu palikuwa na umoja, wingi, na uwili kwa vitu vilivyo jozi. Kwa bahati njema maumbo yenyewe hayafiki 21. Katika Kislavoni cha Kale cha Kanisa, lugha ambayo ndugu wawili Cyril na Methodius walipeleka Moravia mwaka 863, učenikъ "mwanafunzi, mfuasi" alitosheka na maumbo 11.

Mengine ni ya kawaida: učenika "wa mwanafunzi", učeniku "kwa mwanafunzi". Uhondo upo mahali pale k inapokutana na irabu za mbele. Ukimwita mwanafunzi, unasema učeniče, na k inakuwa ch. Ukizungumza juu yake, unasema učenicě, na k inakuwa ts (hiyo c husomwa ts). Wakiwa wengi ni učenici, ts tena. Kwa nini mara ch, mara ts? Kwa sababu ni ajali mbili za nyakati mbili. Ukaakaishaji wa kwanza ulipita mapema, ukakuta e asilia ya kuita, ukaacha ch. Ukaakaishaji wa pili ulikuja baadaye, baada ya irabu unganifu za zamani kuwa ě na i mpya, ukaacha ts. Neno moja, konsonanti moja, na tabaka mbili za historia zinazosomeka mwishoni mwake. Mimi huona hapa ndipo penye ladha kuu ya somo hili lote.

Je, wajua kiambishi hiki kimo katika Baba Yetu? Anayeomba kwa Kislavoni cha Kale husema dlъžьnikomъ, "kwa wadeni", umbo la mpokeaji katika wingi. Mzizi ni dlъgъ, deni, na g yake imegeuzwa na ь ileile. Biblia ya Kiswahili ya Muungano nayo ina "wadeni" katika Mathayo 6:12.

Je, wajua umbo la učenikъ lilikuwa na majukumu matatu? Lilikuwa mtenda wa umoja, mtendwa wa umoja, na "wa wanafunzi" katika wingi. Hebu fikiria fujo, hasa katika lugha isiyojali sana mpangilio wa maneno: mwalimu alimpiga mwanafunzi, au mwanafunzi alimpiga mwalimu? Waslavi walijitoa kwa njia mbili. Kwa wingi, Warusi waliazima -ov kutoka kundi jingine la nomino, wakapata uchenikov. Kwa umoja, wakaamua kwamba kiumbe hai akitendwa atavaa umbo la mmiliki: "namwona uchenika". Kitu kisicho na uhai hakikupewa heshima hiyo.

Na hapa chai inaingia. Chaynik kwa Kirusi ni birika la chai: chai ni chai ileile yetu, neno la Kichina lililosafiri kwa njia za nchi kavu kupitia Uajemi, na -nik ni chombo chake. Lakini katika lugha ya mitaani chaynik ni mtu asiyejua kitu, mwanagenzi aliyekaa kwenye usukani au kwenye kompyuta bila kujua abonyeze wapi. Vitabu vya kuwafunza wanaoanza huuzwa Urusi vikiwa na neno hilo kwenye jalada. Sasa sikiliza sarufi: "naona chaynik" ni birika, "namwona chaynika" ni yule bwana. Herufi moja ya mwisho ndiyo inayokuamulia kama unachokitazama kitachemka au kitakuuliza swali. Nasi tunafanya jambo la jamaa hiyohiyo tunaposema "kipofu amefika" na si "kipofu kimefika".

Wapolandi wana mchezo wao. Robotnik ni mfanyakazi, na wingi wake ni robotnicy, wenye ts ya kale. Słownik ni kamusi, na wingi wake ni słowniki, wenye k. Mtu hupewa umbo la mtenda, kitu huachiwa umbo lililokuwa la mtendwa. Wacheki hufanya vivyo hivyo: dělníci ni wafanyakazi, slovníky ni kamusi. Sijui msamiati mwingine unaoonyesha wazi kiasi hiki nani mtu na nani kitu.

Je, wajua nani bado anaita kwa ch? Waserbia na Wakroatia. Mwanafunzi huitwa učeniče, askari vojniče, mfanyakazi radniče. Warusi wameiacha hali ya kuita, ikabaki katika maneno machache ya sala kama Bozhe, "Ee Mungu".

Warusi hao hao walifuta pia ts yote. Wingi wao ni ucheniki, mahali ni uchenike. Wamerudisha k kila mahali kana kwamba ajali haikutokea.

Au pengine kwa baadhi yao haikutokea kweli! Tarehe 26 Julai 1951, mjini Novgorod, mfanyakazi wa machimbo ya akiolojia aitwaye Nina Akulova aliona maandishi kwenye gome la mti wa betula. Tangu siku hiyo yamepatikana magome zaidi ya 1,000: madeni, posa, maagizo ya nyumbani, ugomvi. Katika barua namba 247, ya karne ya 11, mna neno kěle ambalo wasomaji wa kwanza walidhani ni chumba cha mtawa. Andrey Zaliznyak akalisoma upya: ni neno lile ambalo Waslavi wengine wote walilitamka kwa ts, lenye maana ya "-zima". Kufuli ni zima, milango ni mizima. Mwandishi anakanusha wizi. Maana yake ni kwamba watu wa Novgorod hawakuwahi kupitia ukaakaishaji wa pili. Waslavi wote walitikiswa, kona ile ikabaki imesimama. Zaliznyak alishikilia pia kwamba Kirusi cha leo ni mchanganyiko wa lahaja za katikati na za kaskazini-magharibi, na kwamba maumbo kama uchenike yana mkono wa kaskazini.

Je, wajua mke wa -ikъ ni nani? Ni -ica. Učenikъ mwanamume, učenica mwanamke. Hapa k imekuwa ts bila kufuatwa na irabu ya mbele; safari hii kilichoivuta ni i iliyotangulia. Mpolandi Jan Baudouin de Courtenay ndiye aliyeeleza mvuto huu wa kutoka nyuma mwaka 1894. Kero ni kwamba -ikъ nayo ina i mbele ya k, lakini haikuguswa. Wataalamu wanazozana juu ya hilo hadi leo, na kila mwenye nadharia mpya huanza kwa kubomoa ya mwenzake.

Umbo hilohilo la kike linajenga pia nyumba. Bolnitsa ya Kirusi, hospitali, imetoka kwenye kivumishi cha "-gonjwa". Knjižnica ya Kislovenia ni maktaba.

Na uwili? Uliza Slovenia. Zdravnik ni daktari mmoja, dva zdravnika ni madaktari wawili, trije zdravniki ni watatu. Kwa "pamoja na madaktari wawili" wanasema z dvema zdravnikoma, na hiyo -ikoma ndiyo ileile ya Kislavoni cha Kale.

Haraka haraka sasa. Dubrovnik, mji wa mawe wa pwani ya Kroatia, umepewa jina na msitu wa mialoni. Rybnik ya Poland ni bwawa la samaki. Prazdnik, sikukuu kwa Kirusi, ni siku iliyo tupu, yaani haina kazi. Budilnik ni saa ya kuamsha, kholodilnik ni friji, dnevnik ni shajara. Oprichniki walikuwa askari wa Ivan wa Nne, mtawala wa Urusi, kati ya 1565 na 1572. Jina lao lina maana ya waliotengwa kando, nao waliwatenga wengine na roho zao. Raskolnikov, mhusika wa riwaya ya Dostoyevsky ya mwaka 1866, amebeba neno la mtu aliyejitenga na kanisa, raskolnik. Bolsheviki wa mwaka 1903 waliitundika -ik kwenye neno "zaidi", wakaingiza v katikati ili ulimi upite.

Kwa siku za juma, Warusi na Wabulgaria wana mbili zenye kiambishi hiki. Jumatatu ni ponedelnik, siku inayofuata nedelya, siku ya kutotenda kazi. Jumanne ni vtornik, ya pili. Kwetu siku hiyohiyo ni ya nne, maana hesabu yetu huanzia siku inayofuata Ijumaa.

Je, wajua jina la mwoka mikate limo kwenye bendera ya Msumbiji? Kalach ni mkate wa ngano wenye umbo la pete. Anayeuoka ni kalachnik, na kwa kuwa Warusi wengi hutamka chn kama shn, jina la ukoo likawa Kalashnikov: la nyumba ya mwoka kalachi. Mikhail Kalashnikov, aliyeishi 1919 hadi 2013, hakuoka chochote kinachojulikana. Bunduki yake ndiyo iliyowekwa kwenye bendera hiyo mwaka 1983, pamoja na jembe na kitabu.

Turudi 1957. Mwezi mmoja baada ya Sputnik ya kwanza, tarehe 3 Novemba, ya pili ilipanda na mbwa Laika, na magazeti ya Marekani yakamwita Muttnik, kutoka neno lao la mbwa koko. Tarehe 6 Desemba roketi ya Wamarekani wenyewe, Vanguard, ilinyanyuka kama mita moja hivi, ikaanguka na kulipuka. Wenyewe wakaibatiza Flopnik na Kaputnik. Tarehe 2 Aprili 1958 mwandishi wa safu Herb Caen wa San Francisco akawaita vijana wa kundi la Beat beatniks. Ndani ya miezi sita kiambishi kilichozoea kuzaa wakosefu, wadeni na wanafunzi kilikuwa kikizaa dhihaka kwa Kiingereza. Kwa haki, Wayahudi waliosema Kiyidi walikuwa wamekwisha kukifikisha huko kabla: nudnik, msumbufu anayechosha, ni wao.

Kiebrania kilikipokea pia, na mkazi wa kibbutz ni kibbutznik. Waestonia, ambao lugha yao si ya ukoo huu hata kidogo, wana kunstnik, msanii, na ametnik, ofisa. Waromania walikibandika kwenye neno lenye asili ya Kilatini, putere "nguvu", wakapata puternic, "-enye nguvu".

Je, wajua kinavyofanya wingi ugenini? Kila mwenyeji amekivika nguo zake. Kiingereza kinasema beatniks. Kiebrania kinasema kibbutznikim. Kiestonia kinasema kunstnikud, na kabla ya hapo kimeongeza u ambayo Mslavi haijui. Zile ajali mbili za k hazikusafiri. Romania tu ndiko utasikia ucenic, mwanagenzi, akiwa ucenici katika wingi, ukadhani Kislavoni cha Kale kimefufuka. Sivyo. Hiyo c husomwa ch, si ts, na inatokana na kanuni ya Kiromania chenyewe, inayobadilisha pia amic, rafiki, kuwa amici.